Kukomaza Bia Mombasa: Shajara ya Mradi wa Friji ya Digrii 13

Januari: kupima nyumba

Mradi huu unatafuta jibu la swali moja: je, bia nzito za viwanda vidogo, zile ambazo Wabelgiji na Waingereza huzilaza kwa miaka kabla ya kuzifungua, zinaweza kukomazwa katika nyumba ya kawaida ya Mombasa? Kuhifadhi tu si tatizo, kwa kuwa friji yoyote ya jikoni huhifadhi. Kukomaza ni kazi nyingine. Anayekomaza anataka bia ibadilike, ila ibadilike polepole: ukali wa pombe ulainike, uchungu ushuke, na ladha ya kimea ielekee kwenye tende, zabibu kavu na sukari guru, bila kuyapa nafasi yale mabadiliko mengine yanayoifanya bia inuke karatasi iliyolowa.

Kabla ya kununua chochote nimeweka vipimajoto vya bei nafuu, vile vinavyohifadhi kiwango cha juu na cha chini, katika sehemu tatu za nyumba yetu hapa Tudor: chini ya kitanda, jikoni kabatini, na katika stoo isiyo na dirisha. Kaskazi inavuma, na mchana nje hufika digrii 32 au 33 za Selsiasi. Jikoni hupanda hadi 34 wakati wa kupika na kushuka alfajiri. Chini ya kitanda hufuata hali ya chumba. Stoo imetulia kuliko kwingine, kati ya 29 na 31 usiku na mchana, na wapenzi wa bia husisitiza sana utulivu wa joto; lakini kutulia kwenye digrii 30 ni sawa na kuharibika kwa mwendo usiobadilika.

Watengenezaji bia wana kanuni ya kukadiria isemayo kwamba siku 3 kwenye digrii 32, siku 30 kwenye digrii 22, na siku 300 kwenye digrii 3 huizeesha bia kwa kiasi kinachokaribiana. Haikusudiwi kuwa sheria ya maabara, ila inatokana na jambo la kweli: joto likiongezeka kwa digrii 10, mabadiliko mengi ya kikemikali huongeza kasi mara mbili au hata mara tatu. Kwa kipimo hicho, laga iliyokaa kwenye rafu ya duka lisilo na kiyoyozi hapa Mombasa kwa wiki mbili imekwisha kuzeeka kuliko ile iliyokaa nusu mwaka ndani ya friji, hata kama tarehe iliyopigwa kwenye chupa inasema bado ina miezi mingi.

Februari: kwa nini handaki halitusaidii

Ushauri mwingi kuhusu jambo hili umeandikwa na watu wenye vyumba vya chini ya ardhi. Wanasema chupa ziwekwe chini, gizani, kwenye digrii 10 hadi 15, kana kwamba ardhi ya kila mahali ina tabia moja. Ukweli ni kwamba ardhi, ukishachimba mita chache, hukaa karibu na wastani wa joto la hewa la mwaka mzima wa mahali hapo. Brussels na London wastani huo ni kati ya digrii 10 na 12 hivi, na ndiyo maana handaki la nyumba ya mfanyabiashara wa Brussels lilikuwa ghala bora la bia bila ya mtu yeyote kulikusudia liwe hivyo. Mombasa wastani ni 26 au 27. Mtu akichimba kisima hapa Tudor, akapasua matumbawe mpaka akafikia maji, atakuta joto lilelile alilolikimbia juu, pungufu kidogo tu ya mchana wa Februari. Kuta nene za mawe za nyumba za Mji wa Kale hufanya vivyo hivyo: zinapunguza kilele cha mchana, lakini haziwezi kuleta baridi ambayo haipo katika hewa wala ardhini.

Nimejaribu pia njia ya mtungi, kwa sababu nilitaka kuiandika humu kwa vipimo. Mtungi wa udongo hupoa kwa kuwa maji hupenya ukutani na kugeuka mvuke, na kila tone linaloondoka huchukua joto. Hewa ikiwa kavu, kama ilivyo Garissa, upoaji huo ni mkubwa. Hapa hewa tayari imejaa unyevu: kwenye digrii 31 na unyevu wa asilimia 70, kiwango cha chini kabisa ambacho uvukizaji unaweza kufikia ni takriban digrii 26. Kipimajoto nilichokiweka ndani ya mtungi kivulini kilisimama kwenye 27. Ni maji mazuri ya kunywa. Kwa bia hayatoshi.

Kwa hiyo imebaki friji, na hapa ndipo hoja ya mradi inapogeuka. Yule wa Brussels hupewa baridi bure na ardhi yake, hivyo anaweza kulaza chupa yoyote na kungoja aone. Mimi kila digrii nailipia kwa tokeni za umeme, kwa hiyo uchaguzi wa chupa inayostahili kuingia una uzito sawa na uchaguzi wa mashine yenyewe.

Machi: friji na fundi

Nimepata friji ya mlango mmoja iliyokwisha kutumika, kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama mtaa. Mpira wa mlango ndio wa kwanza kukaguliwa: noti ikibanwa na mlango na kuvutwa itoke kwa shida, mpira ni mzima; ikiteleza, baridi nayo inateleza. Huu ulikuwa umekauka upande wa bawaba, nikaubadilisha.

Tatizo ni kwamba friji ya kawaida haikuundwa kukaa kwenye digrii 13. Hata ukizungusha kitufe chake hadi mwisho wa upande wa joto, huishia 7 au 8. Baridi hiyo haiharibu bia, ila huifanya ilale usingizi, na mabadiliko tunayoyataka hayaendi. Dawa yake ni kidhibiti joto cha nje: kisanduku kidogo chenye waya wa kuhisi joto, ambacho hukata na kurudisha umeme wa friji nzima. Fundi niliyemfuata Mwembe Tayari ni Mwislamu mshika dini, na nilimweleza mapema friji ni ya nini ili asije akajikuta ameingizwa katika jambo asilolitaka. Alitafakari kidogo, akasema, “Mimi natengeza friji, ndugu yangu. Utakachotia ndani ni hesabu yako na Mola wako.” Kisha akafanya kazi safi kuliko nilivyoitarajia, na akanifundisha mambo mawili ambayo maelekezo ya kifaa yaliyapita haraka.

La kwanza ni mahali pa kuweka waya wa kuhisi. Ukining'inia hewani, kila mlango unapofunguliwa hewa ya joto huingia, kidhibiti hudhani friji yote imepata moto, na kompresa huwaka bila sababu. Waya unatakiwa uzame ndani ya chupa ya maji iliyofungwa vizuri, kwa maana tunachotaka kujua ni joto la kimiminika wala si la hewa. La pili ni muda wa kupumzisha kompresa. Ikizimwa na kuwashwa papo hapo, msukumo wa gesi haujasawazika na mota hulemewa. Tumeweka digrii 13, tofauti ya digrii moja, na dakika 5 za kungoja kabla ya kuwaka tena.

Kuna faida ambayo mwenye kulipa umeme ataipenda. Stoo ikiwa kwenye digrii 29, friji ya digrii 4 inapigana na pengo la digrii 25, ilhali hii inapigana na pengo la 16. Joto linalopenya kutani hulingana na pengo hilo, kwa hiyo kazi ya kompresa ni kama theluthi mbili tu ya ile ya friji ya jikoni yenye ukubwa na ukuta uleule.

Nimetia kufuli pia. Nyumba ina watoto, na sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile watu waliyoizoea kwa jina la sheria ya Mututho, inakataza vileo kuuziwa walio chini ya miaka 18. Mwenye kuweka akiba ya vileo nyumbani hana haja ya kungoja sheria imwambie afunge mlango.

Aprili: masika

Mvua zimeanza. Jambo la mwezi huu ni kutu. Vizibo vya chuma, muundo uleule ambao William Painter wa Baltimore aliupatia hataza mwaka 1892, havikufikiriwa kwa ajili ya hewa ya bahari. Chumvi na unyevu vimekwisha kuacha duara la kahawia chini ya ukingo wa vizibo vya chupa nilizoziweka stoo, na lebo mbili zimeota ukungu. Ndani ya friji pia kuna maji, kwa sababu hewa ya masika ikiingia hupoa na kutoa matone. Ninaweka vifuko vya chembe za kufyonza unyevu na kuvikausha kila vinapobadilika rangi.

Chupa zitakazokaa zaidi ya mwaka nimezichovya shingoni katika nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Wengine husema nta huzuia oksijeni isipenye kizibo. Sidai hivyo, oksijeni kidogo hupenya kwenye utando wa ndani wa kizibo kwa miaka, na sina kipimo cha kuonyesha kama nta inaipunguza. Ninachokiona kwa macho ni kwamba kizibo chenye nta hakishiki kutu, na hilo peke yake limenitosha.

Mei: chupa zipi ziingie

Mwezi huu nimekaa zaidi na orodha kuliko na friji. Sifa zinazoiwezesha bia kustahimili miaka zinajulikana vyema, na ni vizuri kuzieleza kwa sababu zake badala ya kuzikariri.

Pombe ni ya kwanza. Chini ya asilimia 8 hivi, bia nyingi huzeeka kabla ya kukomaa, kwa kuwa hazina mwili wa kutosha kubeba ladha za uzee. Kimea kilichokaangwa hadi kuwa cheusi ni cha pili: kukaanga huunda vitu vinavyosaidia kupunguza makali ya oksijeni, na tena ladha zake za kahawa na chokoleti hupatana na zile za tende na mvinyo zinazojitokeza baadaye. Hamira hai ndani ya chupa ni ya tatu. Bia iliyomalizia uchachushaji wake chupani ina mashapo ya hamira chini, na hamira hiyo hula sehemu kubwa ya oksijeni iliyoingia wakati wa kujaza, ingawa nayo ina hatari yake, kwani ikifa na kupasuka hutoa ladha ya sosi ya soya na mchuzi wa nyama, na joto huharakisha kufa huko.

Hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, ni mtihani. Uchungu wake husaidia kuzuia baadhi ya bakteria, lakini harufu yake, yale machungwa na maembe yanayoipa IPA (India Pale Ale, bia ya hopsi nyingi) sifa, ndiyo ya kwanza kuondoka. IPA haikomazwi. Ninajua wapo wanaotaja safari za meli za karne ya 19 kwenda India kama ushahidi wa kinyume, na ni kweli kwamba bia zile zilivuka tropiki ndani ya mapipa kwa miezi. Lakini zilikuwa kali kwa uchungu kuliko nyingi tunazokunywa sasa, na hakuna aliyetarajia zifike zikinukia ua la hopsi lililochumwa jana. Mfano unaonivutia zaidi ni wa Dublin, ambako Guinness mwaka 1801 waliandika kanuni ya porta, bia nyeusi, ya kupeleka visiwa vya Karibi, wakaongeza hopsi na nguvu ili istahimili safari. Stauti ya kusafirishwa inayouzwa leo Afrika ni kizazi chake. Ilibuniwa kwa ajili ya kustahimili joto, si kwa ajili ya kunufaika nalo, na tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kuipima.

Kundi la mwisho ni la bia zenye hamira pori. Mwaka 1904 Niels Hjelte Claussen wa maabara ya Carlsberg alieleza kwamba ile tabia maalumu ya eli za Kiingereza zilizolazwa mapipani ilitokana na hamira ya pili aliyoiita Brettanomyces. Watawa wa Orval nchini Ubelgiji huitia makusudi wakati wa kujaza chupa, ndiyo maana bia yao ya asilimia 6.2, ambayo kwa kipimo cha pombe peke yake ningeikataa, hubadilika kwa miaka na kuwa kavu zaidi kila inapokaa. Lambiki za bonde la Senne, karibu na Brussels, huachiwa hamira na bakteria wa hewani, na chupa zake za kizibo cha gome hulazwa ubavu. Zile za kizibo cha chuma husimamishwa wima, ili eneo la bia linalogusa hewa liwe dogo na mashapo yatulie chini.

Kutokana na hayo, friji imepokea stauti ya imperiali (bia nyeusi nzito) na baliwaini (bia kali ya kimea kingi) kutoka kiwanda kidogo cha Nairobi, pamoja na chupa kadhaa za Orval alizoniletea shemeji yangu ambaye ni baharia, akiwa amezitunza katika friji ya mabaharia njia nzima. Mzigo wa Nairobi ulisafiri kwa basi la usiku ndani ya sanduku la barafu. Basi la mchana lingepita Mackinnon Road saa saba, jua la utosi, na chupa zingezeeka kwa miezi kabla hazijafika Mariakani.

Kwa ajili ya kulinganisha, kila aina imegawanywa sehemu tatu: stoo, friji ya mradi, na friji ya jikoni kwenye digrii 4. Nimeongeza IPA katika sehemu zote tatu, kwa makusudi, ili tuwe na bia ambayo tunajua itashindwa na tuone inashindwa vipi.

Juni: mwanga

Machache ya kusema. Taa ya ndani ya friji imetolewa. Mwanga, hasa ule wa buluu na urujuani, huvunja vitu vya uchungu vya hopsi kwa msaada wa vitamini B2 iliyomo ndani ya bia, na kipande kinachovunjika hukutana na salfa na kutoa harufu ya kicheche. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa, ya kijani huzuia kidogo sana, nyeupe haizuii kitu. Kopo huzuia mwanga wote. Jua la Mombasa halihitaji saa nzima kumaliza kazi hiyo, kwa hiyo anayenunua bia ya chupa ya kijani kwenye meza ya nje ya duka amekwisha kununua kicheche.

Agosti: umeme

Kusi imeleta nafuu, stoo imeshuka hadi 26, lakini umeme umekuwa ukikatika mara kwa mara mtaani, safari nyingine kuanzia magharibi hadi usiku wa manane. Jaribio la mwezi huu lilikuwa kuzima friji kwa hiari na kupima jinsi inavyopanda.

Friji ikiwa na chupa chache, joto la bia lilipanda zaidi ya digrii moja kwa kila saa. Nilipojaza nafasi zote zilizobaki kwa chupa kubwa za maji, mwendo ulishuka hadi kama nusu digrii. Sababu ni nyepesi: lita moja ya maji huhitaji kilojuli 4.2 ili ipande digrii moja, na lita moja ya hewa huhitaji sehemu ndogo sana ya hiyo, pungufu ya moja kwa elfu tatu. Friji tupu ni friji iliyojaa hewa, na hewa haina akiba. Kwa mpango wa sasa, umeme ukikatika kwa saa sita chupa hufika digrii 16, kisha hurudi taratibu. Bia nzito hailalamiki kwa hilo. Katazo pekee ni kufungua mlango gizani ili kuangalia hali.

Kurudi kwa umeme ni hatari kuliko kuondoka kwake, kwa sababu hurudi kwa kishindo na kushuka tena. Kidhibiti kina zile dakika 5, na juu yake nimechomeka kifaa cha kulinda friji, kile ambacho nyumba nyingi hapa huwa nacho, ili umeme upite baada ya kutulia.

Oktoba: kuonja

Miezi mitano imetimia tangu chupa zigawanywe. Hatukuonja kwa kuulizana ipi tamu, kwa maana mtu akiambiwa hii imetoka stoo ataionja stoo. Tulifuata mtindo wa glasi tatu: mbili zina bia ileile, moja ina nyingine, na mwonjaji anaambiwa aitafute iliyo tofauti. Anayebahatisha hupatia mara moja kwa kila tatu, kwa hiyo hoja huanza pale watu wanapopatia zaidi ya hapo. Glasi zilifunikwa kwa karatasi ili rangi isitoe siri.

IPA haikuhitaji ujanja wowote. Ya stoo ilitambuliwa na kila mtu kwa kunusa: asali iliyokaa, karatasi ya boksi lililoloa, uchungu mzito usio na harufu ya kuutangulia. Harufu hiyo ya karatasi inatokana na trans-2-nonenali, ambayo pua ya binadamu huigundua hata ikiwa sehemu moja tu katika bilioni kumi. Ya digrii 13 ilikuwa imefifia kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Ya digrii 4 bado ilikuwa na machungwa, ingawa si yale ya mwezi Mei. Atakayehifadhi IPA Mombasa na aiweke kwenye friji ya jikoni, na asikae nayo muda mrefu.

Stauti ya imperiali ilitupa kazi. Kati ya digrii 4 na digrii 13 wengi wetu hatukupata tofauti ya kuaminika. Miezi mitano ni michache kwa bia ya aina hii, na hilo lilitarajiwa. Ya stoo ilijulikana mara moja, na hapa pakazuka ubishi, kwa sababu wawili kati yetu waliipenda kuliko nyingine. Walisema ina zabibu kavu na mvinyo, na ni kweli ilikuwa navyo. Dada yangu, asiyekunywa, aliyekubali kuja kunusa tu, aliinamia glasi akauliza, “Kaka, hii mmeitia uwatu?” Nilifurahi mno kwa swali hilo. Kitu kinachoupa uwatu harufu yake huitwa sotoloni, na ndicho hichohicho kinachojitokeza katika bia iliyozeeka na katika mvinyo wa Madeira, ambao hupashwa joto kwa makusudi ili upate tabia yake.

Je, basi joto la stoo ni njia ya mkato, miezi mitano ikafanya kazi ya miaka mitano? Nimeipa hoja hiyo nafasi yake, na hukumu yangu ni hapana. Joto haliharakishi kila kitu kwa kiwango kimoja, kwa sababu kila badiliko la kikemikali lina kizingiti chake cha nguvu. Mengine yanaruka mbele, mengine yanasogea kidogo tu. Ndani ya stauti ile ya stoo kulikuwa na zabibu za uzee pamoja na ukali wa pombe ambao haujalainika hata kidogo, na nyuma ya koo palikuwa na karatasi na soya kwa pamoja. Waliomaliza glasi ndogo hawakuomba ya pili, hata wale wawili. Madeira huvumilia moto kwa sababu hutiwa pombe kali hadi karibu asilimia 18 au zaidi na ina asidi nyingi. Bia ya asilimia 10 haina ngao hiyo.

Baliwaini ilifuata njia hiyohiyo, ila soya ilikuwa nzito zaidi, labda kwa wingi wa mashapo. Orval ilikuwa ya pekee: chupa ya digrii 13 ilikuwa kavu na yenye harufu ya ngozi na nyasi, wazi kabisa kuliko ile ya digrii 4, ambayo ilibaki na hopsi mbichi. Hamira pori haifanyi kazi vizuri kwenye baridi ya jikoni. Huu ndio ushahidi wa kwanza kwamba friji ya digrii 13 inafanya jambo ambalo friji ya kawaida haifanyi, na kwa maoni yangu umelipa gharama ya kidhibiti.

Ya stoo hatukuifungua kwa amani. Ilikuwa imejenga gesi nyingi, na povu lilimwagika hadi mezani. Chupa ya Orval ni nene, lakini chupa nyepesi yenye hamira hai kwenye digrii 30 ni kitu cha kushikwa kwa kitambaa na kuelekezwa mbali na uso.

Desemba: mpangilio mpya

Kaskazi imeanza tena na stoo imerudi 29. Nimeondoa chupa zote zilizokuwa huko na kufunga sehemu hiyo ya jaribio, kwa kuwa hakuna jipya litakalotoka humo.

Rafu zimepangwa upya. Chini kabisa, ambako baridi imetulia kuliko kwingine, zimesimama stauti na baliwaini za muda mrefu, kila moja ikiwa na kipande cha karatasi shingoni chenye tarehe ya kujazwa na tarehe ya kuingia friji, kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwa unyevu. Juu zimewekwa Orval. Nafasi nyingine zote ni maji. IPA na laga zimepelekwa jikoni, kwenye digrii 4, na hazitaingia tena humu.

Stauti moja itafunguliwa kila mwaka kusi inapoanza, kando ya chupa mpya ya aina ileile iliyotoka Nairobi karibuni, kwa kuwa bila ya mpya mezani mtu hawezi kujua ya zamani imehama wapi. Jambo hilo ni jepesi kwa bia kama Vintage Ale ya Fuller's, ambayo imetengenezwa kila mwaka tangu 1997 na mwenye subira anaweza kupanga miaka yake mezani. Kwa viwanda vidogo vya kwetu, ambavyo hubadilisha kanuni kutoka mpiko hadi mpiko, ulinganisho utakuwa wa kukadiria, na nitaandika hivyo kwenye karatasi ya shingoni.

Mzigo unaofuata, baliwaini nyingine, nimeuahirisha hadi Juni. Kati ya sasa na Aprili hata basi la usiku huingia Mombasa likiwa na digrii 27 ndani ya buti, na barafu ya Nairobi haivuki Voi.